Aliyeachwa Nje ya Foleni

Tangu nistaafu nimekuwa nikiota jokofu. Si ndoto ya kutisha. Naliona limesimama peke yake katikati ya shamba la pamba iliyopasuka, mlango umefungwa, nami nipo kando nikijiuliza kama leo nimesoma kipimajoto au nimesahau. Kisha naamka na kukumbuka kwamba jokofu la chanjo lina wenyewe sasa, ndio nyinyi mliobaki zahanati, na kwamba kazi yangu ya asubuhi ni kuwafungulia kuku.

Siku ya kuniaga mlinitaka niseme maneno machache, nikasema machache kweli, maana mshereheshaji alikuwa na haraka ya kufika kwenye wali. Yaliyobaki nayaandika hapa. Ya vyeo na mishahara sitayagusa. Hayo yalikuja kwa barua na barua zipo kwenye faili. Nataka kuwaambia yale ambayo hayakuandikwa kwenye faili lolote, na hasa habari ya mwanamke mmoja ambaye nusura nimpoteze kwa maneno yangu mwenyewe.

Nilianza kazi mkoa wa Shinyanga nikastaafia mkoa wa Simiyu, na katikati hapo sikuhama hata kitanda. Mipaka ndiyo iliyohama. Nilifika zahanati yetu, upande huu wa Migato, nikitokea kwetu Sola, binti wa mkulima wa pamba, nikiwa na sanduku moja la bati na viatu vyeupe ambavyo vumbi liliviheshimu kwa asubuhi moja tu. Wagonjwa waliniita Sista, kama wanavyowaita wauguzi wote. Wazee waliniita mayu, yaani mama, ingawa nilikuwa rika la binti zao wa mwisho.

Aliyenipokea ni Mama Leokadia, muuguzi mkuu wa zahanati, mtu mnene mwenye sauti ndogo sana. Hakunionyesha chumba changu wala choo. Alinipeleka moja kwa moja kwenye jokofu, ambalo siku hizo lilikuwa la mafuta ya taa, akalala kifudifudi sakafuni na gauni lake la kazi, akaniambia nami nilale. Tukalala pale wawili, mashavu kwenye saruji, tukitazama mwali mdogo chini ya jokofu. Akaniambia ukiwa wa buluu, watoto wa kata nzima wako salama. Ukiwa wa njano, usile mpaka umeusafisha utambi. Tulikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Saruji ilikuwa ya baridi na nje kulikuwa na joto la kuchosha, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa anapumzika.

Alinifundisha mengi ambayo bado nayaona sahihi. Kwamba mlango wa jokofu haufunguliwi kwa udadisi. Kwamba vipande vya barafu, vile vilivyofungwa ndani ya plastiki, haviingizwi kwenye kibebeo cha chanjo vikiwa vikavu. Unaviacha mezani vitoke jasho, unavitikisa sikioni mpaka usikie maji yakicheza ndani, ndipo unavipanga. Kila nikifanya hivyo, hata mwaka wangu wa mwisho, nilifumba macho ili nisikie vizuri. Wengine mlidhani nasali.

Alinifundisha pia jambo moja ambalo halikuwa sahihi. Mama akija na mtoto mwenye joto, hata kidogo, Mama Leokadia alimgusa shingoni kwa mgongo wa mkono na kusema, "Mwenye homa arudi akipona." Mwongozo haukusema hivyo. Mafua na homa ndogo havimzuii mtoto kuchanjwa. Lakini aliwahi kumchanja mtoto ambaye jioni ile alipata degedege kwa sababu ya malaria, na ukoo mzima ukaja kuilaumu sindano, kwa hiyo akaona heri aepuke maneno. Nami niliichukua sentensi ile nzima nzima, pamoja na kile kisauti chake, nikaitumia miaka mingi baada ya yeye kuondoka. Niliwaambia hivyo kina mama, na wajukuu wao, nikiona natenda wema.

Miaka ya zahanati haipiti kwa mstari mnyoofu. Nikiikumbuka sasa inakuja yote kwa pamoja, kama nguo zilizoanikwa kamba moja. Naona malori ya pamba yakipita, na nyuzi nyeupe zikibaki kwenye miiba ya barabarani wiki nzima. Naona jokofu la umeme wa jua likishushwa, mafundi wakilitoa lile la zamani, nami nikiwa na huzuni nisiyoweza kuwaeleza, kwa kuwa sasa sikuwa tena na sababu ya kulala sakafuni. Naona watoto niliowachanja wakija na watoto wao, wakilia kwa sauti zilezile.

Halafu magonjwa yakabadilika. Watu walianza kuja na miguu inayowaka moto na macho yenye ukungu, wakinywa maji bila kutosheka. Tukaanzisha kliniki ya sukari na presha, kila Alhamisi, kwa benchi moja refu, mashine moja ya presha na kipima sukari kilichokuwa kinaishiwa vijiti kila tunapokizoea. Wengi wa Alhamisi niliwajua kwa vikohozi vyao kabla sijawaona sura.

Wa kwanza kufika siku zote alikuwa Mama Kabula. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alivua kandambili zake mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avue. Sukari yake ilikuwa ya miaka mingi na ilikuwa inapanda na kushuka bila kutuaga. Alikuja na mumewe, Mzee Masanja, mfugaji mwenye zizi kubwa na adabu kubwa zaidi, ambaye alibeba kadi ya mkewe kwenye mfuko wa shati kama kitambulisho chake mwenyewe. Nikimuuliza Mama Kabula amelalaje, Mzee Masanja anajibu kwamba amelala vizuri. Nikimuuliza dawa, anajibu kwamba anameza asubuhi na jioni. Alikuwa anajibu kweli, hakuwa mtu wa kubabaisha. Nami nikaandika.

Korona ilipokuja, na baadaye chanjo yake, maelekezo kutoka Bariadi, makao makuu ya mkoa, yalikuwa wazi: wazee na wenye magonjwa sugu kwanza, maana ndio wanaoangushwa. Nilifurahi. Nilijua benchi langu la Alhamisi lingekuwa la mbele. Siku ya uzinduzi nilipanga barafu, nikavaa gauni jipya, na mtu wa kwanza kwenye foleni akawa Mzee Masanja. Alikunja mkono wa shati kabla sijamkaribisha. Nyuma yake walisimama wanawe watatu, wote na vifua vipana, na mkwewe mmoja.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia.

Nikaitikia, nikamchoma, nikauliza Mama Kabula yuko wapi.

"Yupo nyumbani. Yeye tutaona."

Nilidhani anamaanisha wiki ijayo. Ikaja wiki ijayo, na nyingine. Mzee Masanja akaja kwa dozi ya pili, na Alhamisi akamleta mkewe kupima sukari kama kawaida, nami nikisema habari ya chanjo yeye anatabasamu na kusema tutaona. Na haikuwa yeye peke yake. Benchi zima lilikuwa hivyo. Familia zilileta vijana wao wenye nguvu zikawaacha wagonjwa nyumbani. Nilikuwa na foleni ndefu ya watu wenye afya, na wale niliowaandalia chanjo walikuwa wamekaa kwenye benchi hatua tano kutoka kwenye sindano, wananitazama kwa upole.

Nikajiambia ni uvumi. Nilikuwa nimeusikia wote, wa simu na wa mnadani, nikaupinga wote, mmoja mmoja, kwa kipaza sauti cha kuazima. Niliwaambia chanjo haizuii uzazi, haina mambo ya kishirikina, haibadilishi damu. Walinisikiliza wakakubali kwa vichwa, kwa kuwa kumbe hawakuwa wameuamini uvumi huo hata mwanzo. Nilikuwa najibu maswali ambayo hakuna aliyeuliza. Nikaongeza sauti. Nikawaambia nyinyi wenye sukari ndio mnaotakiwa wa kwanza kabisa, na nikaona nyuso zikizidi kujifunga, nami sikuelewa kwa nini.

Kisha akafariki Mzee Nkuba, fundi cherehani, aliyekuwa akikaa mwisho wa benchi karibu na dirisha. Alibanwa kifua Jumapili, Jumatano hayupo. Alhamisi iliyofuata walioketi hawakusogea kuijaza nafasi yake. Mama Kabula alikaa jirani na ile nafasi tupu, mikono juu ya magoti, sukari yake siku hiyo ikiwa juu sana, na mimi nikaogopa. Nasema niliogopa, si kwamba nilikuwa na wasiwasi wa kikazi. Nilijua anayefuata ni yeye.

Ndipo nikapanda pikipiki kwenda kwao, bila kibebeo, bila karatasi. Ilikuwa saa ambayo jua linafanya barabara ionekane ina maji mbele. Mbuga zile, mnazijua, hazina mwisho unaoeleweka. Unaenda, unaenda, na mji wa mtu unaonekana ukielea kidogo juu ya ardhi kabla haujatulia. Nilifika nikakuta vumbi na kelele. Bwana mifugo alikuwa amekuja kuchanja ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu, na siku hiyo ilikuwa zamu ya zizi la Mzee Masanja.

Sikutaka kuwasumbua, nikasimama pembeni. Ng'ombe waliingia kwenye kibanio, ule ujia mwembamba wa magogo, mmoja nyuma ya mwingine, wanachomwa, wanatokea upande wa pili wakitikisa masikio. Ni kazi nzuri kuitazama kama si wewe unayeifanya. Vumbi liliinuka likawa la rangi ya asali, na nikawa kama mtu anayesinzia wima. Katika kusinzia huko nikaona kwamba kuna ng'ombe mmoja hakuwa kwenye foleni. Alikuwa amefungwa mbali, kwenye kivuli cha ukuta wa ghala, mwembamba, na mbele yake kuna nyasi zilizokatwa na ndoo ya maji safi. Hakuna mwingine aliyekuwa na ndoo.

Mzee Masanja alipokuja kunisalimia nikamuuliza yule ana nini.

"Anaumwa, mayu. Ana homa. Huyo hachomwi."

"Kwa nini?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini mlango upo. "Mgonjwa ukimchoma unammaliza. Hana nguvu za kuibeba ile dawa. Unamweka kando, unamlisha vizuri, unachanja wazima ili ugonjwa usiingie zizini. Yeye atachanjwa akipona."

Nilikuwa natazama ile ndoo. Nikayaona mambo yote ya miezi ile yakijipanga yenyewe: wana wenye vifua vipana, benchi, nyuso zilizojifunga nilipowaambia wenye ugonjwa wawe wa kwanza. Mzee huyu hakuwa amempuuza mkewe. Alikuwa amemweka kivulini.

"Na Mama Kabula?" nikauliza.

"Naye ni hivyohivyo. Akipona nitamleta." Akashusha sauti. "Lakini sukari haiponi. Ulituambia wewe mwenyewe. Sasa mimi nifanyeje, mayu?"

Halafu akaongeza jambo, na alilisema bila ubaya wowote. Akanikumbusha kwamba hata watoto wake, walipokuwa wadogo, niliwarudisha nyumbani kwa sababu ya joto la mwili, nikisema warudi wakipona. Kwa hiyo hili la kutomchoma mgonjwa halikutoka zizini tu, lilitoka zahanati pia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Miezi yote nilikuwa nikizunguka na kipaza sauti kutafuta nani kawadanganya watu wangu.

Nilitamani kumwambia kwamba binadamu si ng'ombe, lakini mwambie hivyo mfugaji wa huku na mazungumzo yamekwisha. Nikakaa juu ya gogo. Nikamuuliza kama ana ng'ombe kilema. Akasema anaye, jike mweusi aliyevunjika mguu utotoni, yule pale. Nikauliza kama leo kachanjwa.

"Kachanjwa. Tena huyo namtanguliza, maana likija balaa hawezi kukimbia."

"Lakini mguu wake haujapona."

"Hautapona. Ndivyo alivyo. Ila leo haumwi."

Bwana mifugo alikuwa ameacha kazi anatusikiliza, sindano juu, na nikamshukuru kwamba hakuingilia. Akaja tu kuongeza, baada ya kitambo, kwamba ni kweli, mwenye homa kali ya leo tunamsubirisha, mwenye dosari ya siku zote hatumsubirishi. Mzee Masanja akavua kofia akajipepea.

"Kwa hiyo, mayu, unataka kuniambia mke wangu ni kilema."

"Hilo namwambia mwenye mke," nikasema. "Mke mwenyewe sijui atasemaje."

Hapo ikasikika sauti kutoka mlangoni mwa nyumba, sauti ambayo kwa miaka yote ya Alhamisi nilikuwa sijaisikia ikitamka zaidi ya salamu.

"Mngeniuliza," akasema Mama Kabula. "Mmenipanga na ng'ombe mwenye homa, mmenipanga na ng'ombe kilema. Mimi nipo hapa, nasikia, na hakuna aliyeniuliza."

Alikuwa amekaa kizingitini na ungo wa choroko mapajani. Nikaenda nikakaa chini, mbele yake, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza yeye, nikangoja yeye ajibu. Akaniambia kwamba anaogopa. Hakuwa anaogopa sindano. Kila siku anameza dawa, sindano ni nini. Anaogopa kufa kama Mzee Nkuba, akihangaika kupumua. Na alikuwa na swali moja.

"Nikichomwa, sitaugua?"

Vijana wangu, hapo ndipo penye kazi. Jibu la hutaugua lilikuwa tayari mdomoni. Jibu hilo lingemwinua pale pale na ningerudi zahanati nikiimba. Lakini nilimwona anavyonitazama, nikashindwa. Nikamwambia anaweza kuugua. Kwamba mwili wenye sukari, hasa sukari ikiwa juu, mara nyingine haushiki kinga vizuri kama wa mwanawe mwenye afya. Ndiyo maana tutaishusha sukari, na ndiyo maana dozi zote ni lazima. Lakini ugonjwa ukimkuta ana kinga, hata ndogo, uwezekano wa kumwangusha kitandani akakosa pumzi unapungua sana. Nikamwambia siwezi kumwahidi zaidi ya hapo.

Akapeta choroko zake kidogo, akapuliza makapi.

"Basi nitakuja," akasema. "Nitakuja mwenyewe. Kadi nitaibeba mimi."

Alhamisi iliyofuata alichanjwa, na kwa kuwa alichanjwa yeye, benchi likafuata, nami kila mmoja nilimwambia ukweli uleule, wa furaha na usio wa furaha. Wapo waliokataa hata baada ya hapo, na niliwaheshimu, nikaendelea kuwapima sukari bila kununa. Wengi walikubali. Mama Kabula alirudi kwa dozi ya pili. Sukari ilishuka kiasi, si sana. Ile ya mwenye homa arudi akipona niliiacha siku hiyohiyo, na kama mmewahi kunisikia nikiwauliza kina mama maswali kumi kabla ya kumrudisha mtoto, sasa mnajua sababu.

Miezi ikapita, pamba ikavunwa. Asubuhi moja mwana wao mkubwa akaja kuniambia mama yake ana homa na kikohozi siku ya tano. Nilipanda pikipiki na kipimo cha oksijeni mfukoni, na njia nzima sikuona mbuga wala barabara. Nilikuwa najiambia umemwambia anaweza kuugua, umemwambia, kana kwamba hilo lingenifariji nikimkuta amekata pumzi.

Mzee Masanja alikuwa amesimama nje ya mlango, mkono mmoja ukutani. Mwanawe aliniambia amesimama pale tangu siku ya pili, haingii, haketi. Nikapita. Mama Kabula alikuwa amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Nikamvika kipimo kidoleni, na ile namba ilichukua muda kutulia, nami nikaitazama kama nilivyokuwa nikitazama mwali wa jokofu siku yangu ya kwanza. Ilitulia mahali pazuri. Pumzi ilikuwa inaingia na kutoka bila kupigana. Nikapima sukari, ilikuwa juu lakini ya kushughulikiwa.

Akafumbua macho. "Umekuja kunizika au kunisalimia?"

Nikamvua kipimo kidoleni, nikamsalimia.

"Nimeugua, kama ulivyosema," akasema polepole. "Ungeniambia sitaugua, leo nisingekufungulia mlango."

Nikatoka nje kumwambia Mzee Masanja kwamba mkewe atainuka. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka ukutani. Nikamwambia asiishie kusikia kwangu, amuulize mwenyewe. Akasita sana. Kisha akainama, akavua viatu vyake, akaingia, akachuchumaa kando ya mkeka kwa shida, mzee wa zizi kubwa, na nikamsikia akisema kwa sauti ya mtu anayejaribu lugha ngeni:

"Mama Kabula. Unajisikiaje?"

Mkewe akamtazama muda mrefu.

"Njaa," akasema. "Nasikia njaa."

Mzee akainuka akaenda jikoni, na tukamsikia kutoka huko akifunua vyungu kimoja baada ya kingine, akitafuta, maana hakuwa anajua chakula kinakaa wapi.